Reli za Usambara na Safari ya Barua

Reli hupimwa kwa vipimo vingi. Mhandisi huipima kwa urefu wake na mwinuko wake. Mfanyabiashara huipima kwa mizigo. Serikali huipima kwa fedha iliyotoka na fedha iliyoingia. Kipo kipimo cha nne ambacho hakitumiwi mara nyingi, nacho ni barua. Gari la moshi lililochukua magogo na katani lilichukua pia mfuko wa barua, na kwa kuwa mfuko ule ulikuwa mwepesi, ulisahauliwa upesi. Lakini katika nchi ya Usambara reli ilipita chini ya milima bila kupanda hadi Lushoto, na barua ndiyo iliyofika mahali ambapo chuma hakikufika. Atakaye kujua reli ilimfanyia nini mtu wa mlimani hana budi kuifuata barua tangu stesheni hadi sandukuni mwake.

Njia ya kuifuata ingali ipo. Mtu atokaye Tengeni, karibu na Muheza, kwa miguu au kwa baisikeli, akashika bonde la mto Sigi kuelekea Amani, hupita katika nchi iliyopitiwa zamani na reli ndogo ya upana wa sentimeta 75. Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Kijerumani katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20, ili kuteremsha mbao za misitu ya Usambara ya Mashariki hadi kwenye reli kubwa ya Tanga. Leo chuma chake hakipo. Kilichobaki ni bonde lenyewe, barabara ya kupandia Amani, na huko Sigi nyumba ya stesheni masta wa zamani, ambayo imekuwa nyumba ya kupokelea wageni wa Hifadhi ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Gari limeondoka, na stesheni ingali ikingoja wageni.

Lakini barua haikuingia Usambara pamoja na reli. Hilo yafaa lisemwe mapema, maana kuna mazoea ya kudhani kwamba kabla ya gari la moshi milima ile ilikuwa kimya. Vuga, mji mkuu wa wafalme wa Kilindi, ulikuwa na uhusiano na pwani na Unguja kabla Mjerumani hajakanyaga Tanga. Mmisionari Krapf alifika kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Burton na Speke walifika huko mwaka 1857. Wageni wa namna hii hawakuingia katika nchi yenye mfalme ila kwa wajumbe na kwa idhini. Baada ya kufa Kimweri, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara, akapata nguvu kwa biashara na kwa silaha. Kwa Semboja huyo alitumika Abdallah bin Hemedi, mtu wa kalamu, ambaye baadaye aliandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho mpaka leo mwanafunzi wa historia ya Usambara hawezi kukiruka. Basi Mazinde palikuwa na kalamu kabla ya kuwa na reli, na njia ya kalamu ile ilikuwa miguu ya tarishi.

Tarishi hakuwa mchukuzi wa kawaida. Mchukuzi alipimwa kwa uzito wa mzigo, na tarishi kwa uaminifu na wepesi. Alibeba karatasi ambayo pengine hakuweza kuisoma, na maneno ya mdomo ambayo aghalabu yalikuwa mazito kuliko karatasi. Aliyeipokea barua alimwuliza tarishi habari ambazo mwandishi hakuziandika. Kwa hiyo katika zama zile barua na mtu havikutengana. Reli ilipokuja iliwatenganisha kwa sehemu ya safari, wakakutana tena pale reli ilipokoma.

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kuyafikia mashamba ya kahawa ya walowezi katika Usambara ya Mashariki. Kazi ilikwenda kwa taabu. Mwaka 1896 reli ilifunguliwa hadi Muheza, mwendo wa kilomita 40 tu, na kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha. Serikali ya Kijerumani iliichukua mwaka 1899. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo, kilomita 129 kutoka Tanga, mwaka 1905. Kutoka hapo ilifuata nyika upande wa kusini-magharibi wa milima, ikafunguliwa hadi Moshi mwanzoni mwa mwaka 1912. Kahawa iliyokuwa sababu ya kuanza haikustawi kama ilivyotumainiwa, kwa kuwa ardhi ya misitu ile ilipoteza rutuba upesi baada ya miti kukatwa. Katani ndiyo iliyoiokoa reli. Miche yake iliagizwa na Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893. Katika miche 1,000 ilifika mizima 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoijaza nchi kati ya Tanga na Mombo.

Lushoto haikupata reli. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, wakaufanya makao ya wilaya na mahali pa kupumzikia joto la pwani. Kati ya Mombo na Lushoto pana kilomita 33 hivi, lakini pana pia kupanda kwa mita 1,000 hivi kupitia bonde la Soni, na reli ya kawaida haipendi kupanda namna hiyo. Walichojenga mlimani ni barabara. Upande wa Shume, ambako kulikuwa na misitu ya mierezi, kampuni ya Wilkins na Wiese ilitundika kamba za chuma kutoka juu hadi stesheni ya Mkumbara, mwendo wa kilomita 9 hivi, na magogo yakashuka hewani juu ya mabonde. Kamba zile zilihesabiwa katika siku zake kuwa kazi kubwa ya uhandisi. Wenye fedha walipotaka kushusha mti walipata njia, hata kama ni ya kupita angani. Mtu na barua yake waliachiwa barabara.

Hapa ndipo tofauti kati ya mzigo na barua inapoonekana. Mbao zilikwenda upande mmoja: zilishuka, zikavuka bahari, hazikurudi. Katani ilifanya vivyo hivyo. Barua peke yake ilikwenda na kurudi. Njia iliyojengwa kwa ajili ya kuchukua ililazimika pia kuleta, na kilicholetwa hakikuwa sikuzote kile walichokusudia waliojenga.

Mfano mzuri wa karatasi iliyoshuka ni ua. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliona mmea mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau katika sehemu zile. Mwaka 1892 mbegu zake zilipelekwa kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa mmea huo jina la Saintpaulia, kwa ukumbusho wa ukoo wao. Mbegu za ua lile ni kama vumbi, hata kifurushi kidogo kabisa chatosha kuchukua maelfu. Kutoka mbegu chache za namna hiyo likaenea moja ya maua yanayopandwa zaidi ndani ya nyumba za Ulaya na Marekani, ambako huitwa violeti wa Afrika. Lilipewa jina la aliyelipeleka, na jina ambalo watu wa milimani walilijua kwalo halikusafiri nalo. Baadaye, mwaka 1902, ilianzishwa huko Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na mahali pale penye ukungu na msitu pakawa na mashauri na nchi za mbali. Taasisi kama ile haiwezi kuishi bila posta: mbegu huja kwa posta, maswali huja kwa posta, na majibu hurudi kwa posta. Reli ndogo ya Sigi, iliyojengwa kwa ajili ya mbao, ikawa pia mlango wa elimu hiyo.

Karatasi iliyopanda ilikuwa ya namna mbili, na historia ya haki haina budi kuzitaja zote mbili. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya kufunga. Baada ya reli kufika Mombo, walowezi waliongezeka wakalalamika kwamba hawapati watu wa kazi. Serikali ya wilaya ya Wilhelmstal ikaweka kanuni ya kadi: kila mwanamume mzima alipewa kadi, akatakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliopangwa. Asiyeitimiza aliweza kupelekwa katika kazi za serikali. Msambaa ambaye babaye hakupata kamwe kupokea barua alijikuta ana karatasi yenye jina lake, na karatasi ile ilijua siku zake kuliko alivyozijua mwenyewe. Wengi waliijua karatasi ya namna hiyo kwanza, kabla ya kuijua barua.

Ya pili ilikuwa karatasi ya kufungua. Huko Tanga palikuwa na shule ya serikali, na katika shule hiyo kulichapwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililodumu hadi mwaka 1916. Walimu, makarani na maakida waliotawanywa barani walilisoma na kuliandikia. Habari zao zilishuka kwa barua, na gazeti lilipanda kwa njia ileile. Tanga pia kulitoka gazeti la walowezi, Usambara-Post, kwa Kijerumani, lenye kupigania haki za walowezi. Magazeti hayo mawili yalitoka mji mmoja, na reli yao ilikuwa moja, lakini kila moja lilikuwa na nchi yake. Msomaji wa moja aliweza kusafiri katika gari moja na msomaji wa jingine, asijue mwenziwe ameandikiwa nini.

Kiswahili kilipata faida kubwa katika jambo hili. Zamani barua za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Shule ya Tanga, ofisi za wilaya na misheni zilieneza herufi za Kirumi, na akida wa mlimani aliyesema Kisambaa nyumbani kwake aliandika taarifa zake kwa Kiswahili. Lugha ilipanda mlima ndani ya mfuko wa barua. Haikupanda kwa upendo tu; ilipanda pia kwa amri. Lakini lugha ikishajifunzwa haimwulizi mtu aliifunzwa kwa nini. Aliyejifunza kuandika ili ampelekee bwana mkubwa hesabu ya kodi aliweza jioni ileile kumwandikia ndugu yake.

Vita ya mwaka 1914 iliufunga mfuko huo. Manowari za Kiingereza zilizuia pwani, na vitu vya Ulaya vikawa adimu, stempu mojawapo. Stempu za koloni zilikuwa na picha ya meli ya Kaisari, wala meli hiyo haikuweza tena kufika. Mwanzoni mwa mwaka 1916 serikali iliagiza stempu zichapwe papo hapo nchini, na mtambo uliotumiwa ulikuwa wa misheni ya Kiprotestanti huko Vuga. Zikachapwa stempu za heller 2½, za heller 7½ na za rupia 1. Lakini katika mwezi wa Machi meli iitwayo Marie ilipenya kizuizi, ikaingia ghuba ya Sudi upande wa kusini, na miongoni mwa shehena yake zilikuwamo stempu. Zile za Vuga hazikuhitajiwa tena. Zilifukiwa ardhini ili adui asizipate, zikafukuliwa mwaka 1921, zikapelekwa Ujerumani, zikauzwa kwa wakusanyaji.

Kisa hiki kina funzo. Vuga, mji wa wafalme ambao wajumbe wa pwani walikuwa wakiupandia kwa adabu, ulipata stempu zake mwenyewe, na nyingi za stempu hizo hazikupata kuvusha barua hata mto mmoja. Leo wakusanyaji wa ng'ambo huwekeana bei kubwa kwa ajili yake. Thamani ya stempu hiyo imetoka katika kushindwa kwake. Lakini mtambo wa Vuga haukufa. Uchapaji wa vitabu vya Kiswahili uliendelea katika jina la Vuga miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka. Stempu zilikwenda makumbusho, na vitabu vilikwenda mashuleni.

Chini ya utawala wa Kiingereza Wilhelmstal ilirudi kuwa Lushoto. Reli kubwa iliungwa na ile ya Kenya wakati wa vita, ikaendelezwa hadi Arusha mwaka 1929, na mwaka 1963 iliungwa na Reli ya Kati kupitia Ruvu. Iliona taabu nyingi. Treni za abiria za kaskazini zilikatika katika miaka ya 1990, zikarudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Reli ya Sigi haikurudi. Barua, kwa upande wake, ilipata makao mapya, nayo ni sanduku la posta.

Sanduku hili lataka kufahamiwa. Katika miji ya Ulaya tarishi huileta barua mlangoni. Katika Tanzania mtu huifuata barua yake posta, katika sanduku lenye namba, na kwa miaka mingi herufi S.L.P. zimekuwa ndizo anwani ya mtu. Serikali iliendesha kazi kubwa ya kuweka anwani za makazi mwaka 2022, lakini mazoea ya sanduku yalikwisha jenga desturi yake. Mlimani si kila mtu aliyekuwa na sanduku. Barua ya mkulima wa Mlalo au Bumbuli iliandikwa kwa mkono wa shule, au wa kanisa, au wa msikiti, au wa duka la mtu anayejulikana. Namba moja ilibeba majina ya kijiji kizima. Mwalimu aliyeshuka kuchukua barua za shule alirudi na habari za watu kumi, na katika kumi hao wawili au watatu walimwomba awasomee. Hivyo barua na mtu, waliotenganishwa na gari la moshi, waliunganishwa tena kati ya sanduku na kijiji. Baisikeli ya mwalimu ikawa sehemu ya mwisho ya reli.

Jambo hili si la Usambara peke yake. Katika nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, kiongozi wa wasafiri aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool mwaka 1854, ili waliofika katika kinamasi kile waache kadi zao. Baadaye ikawa desturi kuacha barua yenye anwani na stempu, na msafiri aliyefuata aliichukua akaitia posta alikokwenda. Sanduku hilo halikuwa na karani wala ratiba. Lilitegemea uaminifu wa mtu asiyejulikana. Katika nyika hiyohiyo reli ya Princetown, iliyofunguliwa mwaka 1883, ilifungwa mwaka 1956, na njia yake imekuwa ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Waingereza hufanya hivyo kwa tafrija: hufuata njia ya reli iliyokufa, hutafuta sanduku lililofichwa. Watu wa Usambara walifanya jambo la namna hiyo kwa haja. Desturi hizi mbili zimesimama juu ya msingi mmoja, kwamba barua hufika kwa sababu yuko mtu wa mbele aliyekubali kuichukua.

Kutoka hapa lazuka swali linalowahusu wanafunzi wa historia. Historia ya reli za Usambara imeandikwa zaidi kutoka katika majalada ya waliozimiliki: urefu, gharama, mizigo. Majalada hayo yalihifadhiwa kwa uangalifu, mengine Dar es Salaam na mengine Ujerumani. Nusu ya pili ya historia hiyo ilikuwa katika masanduku mengine, masanduku ya mbao chini ya vitanda, yenye barua za watoto waliokwenda kazi katika mashamba ya katani, za makarani waliohamishwa, za wake waliouliza fedha ya kodi. Barua hizo hazina mlinzi. Mchwa huzila, mvua huzilowesha, na wajukuu huwashia moto wasijue.

Ni nadra barua kama hizo kuokoka. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alihamishwa huku na huku katika utumishi wa serikali, na tangu mwaka 1931 hadi mwaka 1958 alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge. Ndugu huyo hakuzitupa. Mwaka 2002 barua hizo zilichapwa kitabu, na msomaji wa leo aweza kumwona mwandishi mkubwa si katika utenzi bali katika shughuli za kila siku za mtu mwenye jamaa na kazi. Hazikuokolewa na serikali wala na taasisi; ziliokolewa na mtu mmoja aliyeona kwamba karatasi yenye mwandiko wa nduguye ina thamani baada ya kusomwa.

Anayepanda kwa baisikeli bonde la Sigi hataona chuma, na hapaswi kusikitika sana kwa hilo. Chuma kilikuwa mali ya kampuni, kikaondoka kama kilivyokuja. Lakini katika nyumba za Muheza, Korogwe, Soni na Lushoto zingali ziko bahasha zenye muhuri wa stesheni ambazo reli yake haipo tena. Mwanafunzi atakayepata ruhusa ya wenyewe kuzifungua, akazinakili, akazirudisha mahali pake, atakuwa amefanya kazi ya tarishi wa Mazinde: kuchukua maneno ya mtu, na kuyafikisha.